Nondo Wote, Nondo Zote

Kila neno mtakalolisikia hapa ni kweli tupu. Kama nimeongeza hata nukta, basi leo hii, siku ya uhakiki wa wastaafu, karani alifungue faili langu akute nilifariki mwaka juzi na mazishi yalifana. Kwa mstaafu hakuna kiapo kikubwa kuliko hicho, na wenzangu mlioketi nami kwenye benchi hili mnajua.

Nchi yenyewe siitaji. Ni kisiwa. Kina bandari moja, redio moja na kiongozi mmoja. Mkidhani mnaifahamu, mmekosea, na aliyekaa karibu na mlango aangalie kama kuna mtu nje.

Katika kisiwa hicho alikuwepo nondo. Mdudu mdogo, hazidi ukucha wa kidole cha mwisho, rangi ya majivu, na doa la manjano kila bawa kama aliyedondoshewa mchuzi. Aliishi katika msitu mmoja tu, Msitu wa Mwangani, juu ya aina moja tu ya mti, mchungu kiasi kwamba hata mbuzi huupita wakiangalia pembeni. Miaka yote wenyeji walimjua kama kile kidudu kinachojiunguza kwenye kibatari. Kisha akatokea Profesa Riziki Mtengeti wa Chuo cha Kisiwa, mwanamke mpole mwenye darubini, akawaandikia wataalamu wenzake kwamba nondo huyu hapatikani mahali pengine popote duniani.

Hapo mambo yakabadilika. Nchi ile haikuwa na mafuta, haikuwa na dhahabu, na timu yake ya mpira ilikuwa ikifungwa hata wiki ambazo haichezi. Sasa ilikuwa na kitu ambacho mataifa makubwa hayana. Kiongozi wake, ambaye cheo chake ni Baba Mlinzi, akatangaza kwamba yeye alimwona nondo huyo tangu utotoni na alikuwa akimtunzia siri. Nondo akawekwa kwenye stempu na kwenye kofia za polisi. Katika wimbo wa taifa pakaongezwa kimya cha nusu dakika ili wananchi wasikilize mabawa. Aliyekohoa katika kimya hicho aliulizwa anakohoa kwa niaba ya nani.

Ikabaki sheria ya kumlinda. Profesa aliiandika kwa mkono wake, mistari mitatu: Nondo wote waliomo kisiwani ni mali ya taifa. Ni marufuku kuwafunga, kuwakata au kuwakunja. Popote walipo, watolewe na warejeshwe kwenye makazi yao ya asili, yaani Msitu wa Mwangani. Kwa kufunga alimaanisha kuwatia kwenye chupa. Kwa kukata na kukunja alimaanisha mabawa, kwa sababu watoto wa shule walikuwa wameanza kuyabana kwenye kurasa za madaftari.

Karatasi ikaenda Kiwanda cha Chapa cha Serikali, mezani kwa msahihishaji, Bwana Sarahani Mbwana.

Sarahani alikuwa na miaka ishirini na nane kazini, na katika miaka hiyo hakuna herufi mbovu iliyopita chini ya miwani yake. Mawaziri walimwogopa kidogo. Waliwahi kuvunja katiba mara mbili, lakini upatanisho wa kisarufi hawakuthubutu kuuvunja, maana Sarahani alikuwa akiwarudishia hotuba zao na wino mwekundu. Wiki hiyo alikuwa anajenga kibanda chake cha vyumba viwili, na asubuhi ile ile fundi wake, Ngwali, alikuwa amemwambia kwamba nondo za lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, zimepungua. Kichwa kizima kilijaa chuma. Aliposoma "nondo wote" akaguna.

"Chuma kimepata roho lini?" alijisemea.

Akafuta W, akaandika Z. Akashuka na mistari kama anayechambua mchele. Nondo zote zilizomo. Kuzifunga, kuzikata, kuzikunja. Hapo akatabasamu, maana maneno yalikaa mahali pake sawasawa: hizo ndizo kazi tatu za fundi na nondo, anazikata, anazikunja, anazifunga kwa waya. Akaona bila shaka serikali imechoshwa na wizi wa vyuma. Zirejeshwe msituni kulimtatiza kidogo, lakini serikali imewahi kuagiza mambo ya ajabu zaidi, na hilo halikuwa kosa la sarufi. Akatia saini. Akaagiza chai.

Jumatatu saa nne Baba Mlinzi akaisoma sheria redioni, taratibu, kwa ile sauti yake ya kumbembeleza mtu aliyekwisha kukamatwa. Kila alipofika kwenye Z aliikaza. Profesa Riziki akapiga simu Ikulu kabla wimbo wa taifa haujafika kwenye kimya chake. Kilichojibiwa hakijulikani. Jumatano akateuliwa balozi.

*

Kisha sheria ikaanza kazi.

Kikaundwa Kikosi cha Nondo, vijana wenye sumaku shingoni. Walipita nyumba hadi nyumba wakizigusisha kuta. Sumaku ikinasa, ukuta unabomolewa kwa heshima, nondo zinatolewa, mwenye nyumba anapewa risiti na picha ya Baba Mlinzi ya kufunika tundu. Gereza kuu likavuliwa nondo za madirisha; wafungwa wakasainishwa ahadi kwamba wataendelea kufungwa. Mbunge mmoja aliyesifiwa gazetini kwamba ameshusha nondo bungeni, yaani hoja nzito, alipekuliwa siku hiyo hiyo, na walipomkosa nazo wakamshtaki kwa kuzificha.

Vyuma vikapelekwa Mwangani kwa malori, vikamwagwa juu ya ile miti michungu. Waziri akaliarifu Bunge kwamba ulinzi umefanikiwa kupita matarajio: kabla ya sheria nondo walikadiriwa kuwa elfu chache, sasa msituni zimo tani mia nne na kumi na mbili. Aidha, wataalamu wamegundua aina tatu badala ya moja, yaani ya milimita nane, ya milimita kumi na mbili na ile adimu ya milimita kumi na sita. Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika.

Sarahani alikuwa akiyasoma hayo yote kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu yalipita mezani kwake kusahihishwa. Siku aliyosoma neno mdudu katika kiambatisho cha Profesa, ambacho kilichelewa kufika kwa sababu ya foleni ya magari ya vyuma, aliweka kalamu chini. Alirudia mistari mitatu. Akaiona W aliyoifuta. Ilikuwa bado inaonekana chini ya wino, imekaa kama mtu aliyelazwa kifudifudi.

Hakumwambia mtu. Alijipa moyo kwamba ni vyuma tu.

*

Fundi Ngwali alimfuata kazini kwake siku ya Alhamisi. Alikuwa fundi wa Idara ya Ujenzi, na kibanda cha Sarahani alikuwa akikijenga siku za mapumziko. Mtu mnene, mikono imejaa makovu ya waya wa kufungia.

"Habari za hapa, bwana mkubwa."

"Salama, fundi. Karibu kiti."

"Sikai. Wamenichukulia nondo za wodi."

Wodi yenyewe ilikuwa Wodi ya Wazazi ya Baba Mlinzi, jengo jipya la hospitali, zege juu hadi chini. Ngwali alikuwa ameshazifunga nondo za dari, amebakiza kumwaga tu.

"Si ungoje mpaka wazirudishe?" Sarahani aliuliza.

"Nani angoje? Ufunguzi ni mwezi ujao. Wameniambia nimwage bila nondo. Nimemwaga. Sasa nina dari ya zege pale, mita tano kwa kumi, haina mfupa hata mmoja. Inasimama kwa sababu ya mirunda kumi na miwili niliyoiegemeza chini. Miti tu ile. Siku ukiitoa, inakuja yote."

"Basi usiitoe."

"Mimi nitoe? Nimewaambia, itoeni kama mnataka kuzika watu. Wameandika." Ngwali akainama, akashusha sauti. "Bwana Sarahani, wewe ni mtu wa herufi. Mimi nimesikia redio kama wengine, lakini mke wangu ana binamu yake anafagia kwa yule Profesa. Anasema sheria ilikuwa ya mdudu. Ilikuwa ya nondo wale wanaoruka. Kuna mwehu hapo katikati kaharibu."

"Mwehu," Sarahani alirudia.

"Mwehu au mlevi. Wewe unawajua hao wenye kalamu. Mtafute, mwambie aseme ni herufi imeteleza. Neno moja tu. Watarudisha nondo, nitavunja, nitamwaga upya. Na nasikia binti yako yumo kwenye orodha."

Sarahani hakuwa na habari ya orodha.

Orodha ilikuwa hivi. Ofisi ya Itifaki iliona wodi ya wazazi bila wazazi haitapendeza pichani. Ikachagua wajawazito saba waliokaribia, kutoka familia za watumishi waaminifu, walale kwenye vitanda saba siku ya ufunguzi. Mwanamvua, mtoto pekee wa Sarahani, alikuwa wa kwanza. Ilikuwa heshima. Barua ilifika nyumbani jioni ile, na haikuwa na kosa la sarufi hata moja. Aliisahihisha mwenyewe wiki iliyopita, akiwa hajaangalia majina.

"Baba, nimeambiwa nitapewa godoro jipya," Mwanamvua alisema, mkono juu ya tumbo. "Mbona umekunja uso?"

"Miwani tu, mwanangu."

*

Ijumaa Sarahani alikwenda kwa mkurugenzi wa Kiwanda cha Chapa, Bwana Fakihi Tosiri, mtu aliyefikia cheo hicho kwa kutokuandika chochote.

"Mkurugenzi, kuna herufi."

"Herufi gani?"

"Z. Ilikuwa W."

Tosiri akainuka, akafunga dirisha, akaketi.

"Baba Mlinzi alisoma nini redioni?"

"Z."

"Basi ilikuwa Z tangu enzi za babu zetu."

"Kuna dari ya wodi, mkurugenzi. Bila nondo itaanguka."

"Dari ya nani?"

"Ya Baba Mlinzi."

"Yaani unasema dari ya Baba Mlinzi itaanguka kwa sababu ya sheria ya Baba Mlinzi?" Tosiri alimtazama kwa huruma ya kweli. "Sikiliza, ndugu yangu. Ameipenda sana sheria hii. Anasema haijawahi kuandikwa sheria iliyoshika chuma namna ile. Anauliza kila siku ni nani aliyeipiga msasa. Yule Profesa alisema si yeye. Amekuwa balozi. Wapi, hatujui; mumewe bado anasubiri anwani. Sasa niambie, nimpelekee jina la nani?"

Sarahani akaliangalia lile dirisha lililofungwa.

"La Kiwanda kizima," Sarahani akasema.

"Vizuri. Wewe ni mtu mzima. Na ile W usiniletee tena."

*

Siku ya ufunguzi wodi ilinukia rangi. Ile mirunda kumi na miwili ilikuwa imesimama katikati ya vitanda kama wageni ambao hawakualikwa na hawajui pa kukaa. Itifaki ilikuwa imeipaka rangi za bendera na kuizungushia maua ya karatasi. Wanawake saba walilala, shuka hadi kifuani, wakiangalia juu. Juu, tayari palikuwa na ufa mwembamba, kama unywele ulioanguka kwenye sahani.

Baba Mlinzi akaingia saa tatu na nusu, wapiga picha nyuma yake. Alisimama mlangoni, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Kuna miti baina yangu na mama zangu," alisema.

"Ni mapambo, Baba," Itifaki ikajibu.

"Mimi nahitaji kupambwa?"

Hilo swali halikuwa na jibu salama. Wakaitwa askari, na Ngwali akaamriwa aanze kuitoa.

Hapo ndipo Sarahani Mbwana alipofanya jambo ambalo hakuna mtumishi wa serikali ile aliyewahi kulifanya. Alinyanyua mkono. Akapita kati ya askari, akasimama mbele ya Baba Mlinzi, akavua miwani.

"Baba," akasema, "herufi ni yangu. Sheria ilikuwa nondo wote. Mimi ndiye niliyeandika zote."

Wodi ikanyamaza kama kwenye wimbo wa taifa. Baba Mlinzi akaanza kucheka, nishani zikicheza kifuani.

"Kumbe ni mdudu," akasema. "Na mimi nilikuwa najiuliza, chuma kitakula nini kule msituni."

Akaagiza wanawake watolewe nje mara moja. Nondo zikarudi mjini kwa malori yale yale. Dari ikavunjwa, ikamwagwa upya, safari hii na mfupa wake. Mwanamvua alijifungua mchana ule ule, mtoto wa kike. Profesa akarudishwa kutoka ubalozini, mnene, na wakati utepe unakatwa mara ya pili, nondo wadogo wa majivu walikuja wakatua juu ya mkasi, wote, nasema wote, na Baba Mlinzi akawapigia saluti.

*

Benchi likaangua kicheko. Mzee mmoja kutoka Posta akanimiminia karanga kiganjani. Nikanyoosha miguu, nimeridhika, zamu yangu ikiwa imebakiza watu wawili.

"Sarahani," mtu akaita kutoka nyuma ya foleni.

Ndiyo. Ndilo jina langu.

Alikuja akiburuta mguu, fimbo mkononi, unene wote umemwisha. Makovu ya waya yalikuwa bado yapo.

"Fundi Ngwali," nikasema. "Sikujua na wewe unahakikiwa hapa."

"Kila mwaka. Mguu mmoja wanauhesabu mzima, huu mwingine wanauandikia maelezo." Akaegemea fimbo. "Malizia."

"Nimemaliza."

"Umemaliza yako. Malizia yetu."

Mzee wa Posta akatuangalia kwa zamu. "Kwani alinyanyua mkono au hakunyanyua?"

Ngwali alikuwa ananitazama mimi, bila hasira, jinsi fundi anavyotazama ukuta akisubiri ujioneshe wenyewe umepinda wapi.

"Sikunyanyua," nikasema. "Sikuwemo ndani."

"Ulikuwa wapi?"

"Nje ya geti, ndani ya bajaji. Na Mwanamvua."

Saa mbili asubuhi ile nilimwendea muuguzi wa zamu, nikamwambia binti yangu ana dalili za tetekuwanga. Hakumpima. Nani angempima, na Baba Mlinzi yuko njiani? Walimtoa kwa mlango wa nyuma, na godoro lake wakaligeuza. Wengine sita niliwapita kitanda kwa kitanda. Nikawasalimia. Wakaitikia.

"Na kitanda?" Ngwali akauliza. Alikuwa anajua. Alitaka kisemwe na kinywa changu.

"Kitanda cha saba hakikuweza kuwa kitupu mbele ya Baba Mlinzi. Wakatafuta mjamzito ukumbini."

"Wakampata nani?"

"Zawena."

"Zawena ni nani? Hawa wazee hawamjui."

"Binti yako. Alikuwa amekuletea chai na mihogo."

"Mimba ya miezi saba," Ngwali akawaambia wale wa benchi. "Wakamwambia alale nusu saa tu. Wakampa kanga mpya yenye picha ya nondo. Alikuwa anacheka. Mimi nilitoa mirunda kumi na mmoja huku nikiwaambia. Wa kumi na mbili niliukumbatia. Askari wakanivuta mimi, nao ukaja nami, na dari yote ikashuka juu ya vitanda."

Baba Mlinzi alikuwa ameshatoka kunywa chai bustanini. Mimi nilisikia kishindo kimoja tu, kizito, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba mbali. Dereva wa bajaji akaniuliza, mzee, twende? Nikamwambia twende.

Hakuna aliyekuwa anatafuna karanga tena.

"Ile taarifa ya serikali mnaikumbuka?" Ngwali akasema. "Ilitoka saa kumi jioni. Mimi niko hospitali ya zamani, mguu umefungwa, redio iko dirishani. Naijua kwa moyo. Serikali inapenda kuwahakikishia wananchi kwamba katika tukio hilo hakuna nondo hata mmoja aliyedhurika."

Akagonga fimbo sakafuni.

"Na ilikuwa kweli. Kwenye zege haikuwemo hata moja, na msituni hakuwa amebaki hata mmoja, walishalaliwa na vyuma. Lakini sikilizeni: hata mmoja aliyedhurika. Hawakusema hata moja iliyodhurika. Siku ile waliandika sawasawa. Nani aliisahihisha, Sarahani?"

Dirishani karani akaita namba arobaini na mbili. Ilikuwa yangu.

"Mimi," nikasema.

"Pita basi," karani akasema, akidhani namjibu yeye.

Foleni yetu ina desturi: msimuliaji akikamatwa na uongo, analipa kwa namba yake. Nikamkabidhi Ngwali kile kikaratasi. Alikipokea bila kushukuru, akaenda dirishani akiburuta mguu. Mimi nikatembea hadi mwisho kabisa, nyuma ya mwanamke mmoja nisiyemjua, ambaye alikuwa amesikia yote na alisogeza mkoba wake upande wa pili.

Foleni ikasogea hatua moja mbele. Mimi nilibaki niliposimama.